Pongezi kwa Mikono Isiyotia Sahihi

Toleo la kwanza la kitabu cha katuni Action Comics, lililotoka New York mwaka 1938 kwa senti 10, lilieleza nguvu za shujaa wake Superman kwa mfano wa sisimizi, abebaye mzigo unaouzidi mwili wake mara nyingi. Ni sayansi mbovu. Galileo alikwisha kuonyesha mwaka 1638 kwamba kiumbe akikuzwa mara 10 kila upande, uzito wake huongezeka mara 1,000, ilhali uimara wa mifupa huongezeka mara 100 tu. Sisimizi wa kimo cha mtu asingeweza hata kusimama. Lakini anayecheka na kufunga kitabu hajautazama ukurasa wenyewe. Kisa kile kilichorwa kwa ajili ya magazeti, kisha kikakatwa picha moja moja na kubandikwa upya kienee kitabuni. Katika karakana za miaka ile, mmoja alichora kwa penseli, mwingine akapitisha wino, wa tatu akaandika kila herufi kwa mkono, akichunga maneno yasifunike uso wa mhusika. Wengine waligawa rangi kuwa vitone vyekundu, vya buluu na vya njano, vilivyopaswa kukaa sawasawa juu ya karatasi hafifu inayofyonza wino. Walilipwa kwa ukurasa, mara nyingi bila majina yao kuchapwa.

Mtu atasema ufundi huo hauhalalishi kumpotosha mtoto. Kweli, kosa hubaki kosa. Ila pale ambapo uchawi ungetosha, watu hawa walijiona wanadaiwa sababu, na sababu hupimika: mtoto aliweza kumtafuta sisimizi, akamchunguza, akabisha.