Fimbo ya Rubani katika Kabati la Plaiwudi

Kabati la gemu lililoundwa nyumbani lina fani yake, na fani hiyo inastahili kusomwa kwa makini kama ya kazi nyingine yoyote ya sanaa. Ninalolihakiki hapa limesimama katika chumba cha mwanafunzi huko Woluwe-Saint-Lambert, mashariki mwa Brussels, karibu na kituo cha metro cha Alma. Mwili wake ni plaiwudi, macho yake ni skrini ya kompyuta kuukuu, na programu yake ni MAME, ambayo tangu 1997 imekuwa ikizifufua gemu za kumbi za zamani, zile ambazo mchezaji alitumbukiza sarafu ndipo acheze. Pale ambapo ungetarajia fimbo fupi yenye kirungu kichwani, pamechomoza joistiki ya ndege ya mtumba: mshiko wa kiganja kizima, kifyatulio mbele, vitufe vya kidole gumba juu.

Wengi wataiona kama kibadala cha mtu asiye na fedha za kutosha. Naikataa tafsiri hiyo. Joistiki hii inabadilisha swali ambalo kabati linamuuliza mchezaji, na thamani yake inategemea kama gemu iliyo kwenye skrini inalijua swali hilo.

Tuanze na umbo la nje. Katika makabati mengi ya kumbini, mkono wa kushoto huongoza fimbo na wa kulia hubonyeza vitufe, kazi imegawanywa. Joistiki ya ndege inaziunganisha kazi hizo: mkono mmoja, aghalabu wa kulia, unaelekeza na kufyatua kwa pamoja, na wa kushoto unabaki bila kazi. Kuna pia suala la kimo. Kifaa hiki kiliundwa kukaa mezani mbele ya mtu aliyeketi. Ukikiweka juu ya ubao wa kabati la kusimamia, kiwiko kinapanda na bega linachoka upesi. Fundi wetu amelielewa hilo: amekata tundu, akakizamisha kitako chini ya ubao, ukabaki mshiko peke yake juu. Huo ndio uamuzi bora kuliko yote katika kazi yake, kwa sababu umeupima mwili wa mchezaji kabla ya kuupima mwonekano.

Umbo la ndani ni jambo jingine. Fimbo ya kawaida ya kumbini ina swichi nne ndogo. Ukiisukuma, swichi moja inajibu. Ukiisukuma kimshazari, zinajibu mbili. Basi unapata pande nane, bila pungufu wala ziada. Joistiki hii ina potenshomita mbili, moja ya kushoto na kulia, nyingine ya mbele na nyuma, nazo zinapima fimbo imeinama kiasi gani. Swichi huuliza upande gani tu. Potenshomita huuliza upande gani na kwa kiasi gani.

Tusidanganywe na sura. Gemu ya Tron ya 1982 ilikuwa na mshiko wa rubani wenye kifyatulio, ilhali ndani yake mlikuwa na swichi za pande nane. Zaxxon ya mwaka huohuo ilikuwa hivyohivyo. Sega walipotoa Space Harrier mwaka 1985, mshiko ulifanana na ule wa Tron, lakini ndani ulipima mwinamo. Kwa hiyo anayenunua joistiki ya mtumba kwa kuvutiwa na picha ya Tron anapata umbo la nje la Tron na umbo la ndani la Space Harrier.

Kwenye kabati hili tofauti hiyo inaonekana wazi. Katika Space Harrier, mahali ilipo fimbo ndipo alipo shujaa: ukiinamisha kidogo anasogea kidogo, ukiiachia springi inairudisha katikati naye anarudi. Mkono na skrini vinasema jambo moja. Ukibadilisha ukaweka Pac-Man ya 1980, maelewano yanavunjika. Gemu ile imejengwa juu ya pande nne na kona kali. Mchezaji hodari husukuma kabla kona haijafika. Joistiki ya ndege haina ukingo wa kumwambia mkono kwamba umevuka kutoka juu kwenda kulia. Unakawia, na kukawia huko ndiko kunakokuua.

Msomaji wa ushairi wetu anaujua mvutano huu. Utenzi hukaa ndani ya mizani nane kwa kila kipande, na kipimo hicho huusaidia ulimi. Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani yake ya Kichomi mwaka 1974, mashairi huru yalilazimika kuonyesha nidhamu yao wenyewe, kwa kuwa hayakuegemea ile ya mizani na vina. Fimbo isiyo na ukingo nayo inadaiwa nidhamu kutoka kwingine.

Hapa nidhamu hiyo inatoka kwenye programu. MAME inaruhusu kuweka eneo la katikati ambalo mguso hauhesabiki, na ramani ya miraba tisa kwa tisa inayoamua kila mwinamo usomwe kama upande upi. Fundi amelipanua mno eneo la katikati ili kuficha mtetemo wa potenshomita zilizochakaa. Hapo namlaumu. Mtetemo umekwisha, lakini umekwenda pamoja na miinamo midogo, ambayo ndiyo sababu ya kuwa na kifaa hiki.

Angetazama jirani yake. Hatua chache tu kutoka hapo liko jengo la wanafunzi wa udaktari liitwalo La Mémé, lililobuniwa na Lucien Kroll pamoja na wanafunzi wenyewe na kujengwa kati ya 1970 na 1976. Madirisha yake hayalingani na kuta zake zimechanganyika, ila chini ya mchanganyiko huo kuna kipimo kimoja cha msingi kinachoziruhusu sehemu kupangwa na kupanguliwa. Kroll hakuzilazimisha sehemu zifanane. Alizipa kanuni ya kukutania.

Kabati hili linahitaji kanuni ya namna hiyo. Ubao wa vidhibiti uwe wa kubandukika: mmoja wenye joistiki kwa gemu zinazopima kiasi, mwingine wenye fimbo ya swichi kwa gemu za pande nne na nane. Potenshomita zibadilishwe, kisha eneo la katikati lipunguzwe. Baada ya hapo kifaa cha mtumba hakitakuwa tena kinaziba pengo. Kitakuwa chombo kilichochaguliwa kwa kazi inayokifaa, na hicho ndicho kipimo cha fani njema, iwe ya shairi, ya jengo au ya kabati la plaiwudi.