Duka la Tom Morris na gofu la jina

KATIKA Kiswahili neno ‘gofu’ lina maana mbili. Gofu ni ule mchezo wa kupiga kijipira kwa fimbo hadi kitumbukie shimoni. Gofu pia ni jengo lililobaki kuta tupu, kama magofu ya Gede kule Kilifi. Maneno haya yamekutana kwa sauti tu. Hata hivyo, hunijia pamoja kila nikitafakari kisa cha duka moja mjini St Andrews, Uskoti.

Duka hilo linatazamana na shimo la 18 la uwanja maarufu wa Old Course. Kwa miaka mingi liliitwa kwa jina la Tom Morris. Baadaye likabadilishiwa kibao, likaitwa The Open, yaani jina la mashindano makuu ya gofu ya Uingereza.

Morris alizaliwa papo hapo St Andrews mwaka 1821. Hakuwa bwanyenye. Alikuwa fundi wa fimbo na mipira chini ya Allan Robertson, hadi wakakosana kwa sababu ya mpira mpya wa utomvu wa mti, uliokuwa wa bei nafuu kuliko ule wa ngozi iliyojazwa manyoya waliouzoea. Mwaka 1851 akaenda Prestwick, kisha miaka ya 1860 akarejea kwao kutunza uwanja. Alishinda The Open mara nne: 1861, 1862, 1864 na 1867. Ushindi wa mwisho aliupata akiwa na miaka 46, na hadi leo hajatokea bingwa mwenye umri mkubwa kumliko. Alifariki mwaka 1908.

Wapo watakaouliza: sasa kelele za nini? Biashara ni biashara. Mtalii anaijua The Open. Huyo Morris hamjui. Isitoshe, shimo la 18 lenyewe bado linaitwa Tom Morris.

Hoja hii hainishawishi. Mtalii asiyemjua Morris ndiye hasa anayelihitaji jina lake mlangoni, maana litamfanya aulize, “Huyu ni nani?” Kibao cha The Open hakimwulizishi chochote. Kinampa alichokuja nacho. Tena, jina la duka si sawa na jina la kumbukumbu. La kumbukumbu husomwa mara moja, mtu akapita zake. La duka hutamkwa kila siku watu wanapoagizana, wanapoelekezana njia na wanapopatana mahali pa kukutana. Jina huishi kinywani. Likishatoka hapo, hubaki la wanahistoria.

Sisi tuna kineno kidogo kinachofanya kazi hiyo: ‘kwa’. Tunasema Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben. Wengi wanaoshuka matatu huko hawana habari za Njenga wala Reuben, lakini kila wakitaja wanakokwenda, wanashuhudia kwamba palikuwa na mtu. Huwezi kusema unakwenda ‘kwa The Open’. Pale hapana mwenyewe, pana nembo.

Sisemi majina yasiguswe. Jijini Nairobi, Delamere Avenue iligeuka Kenyatta Avenue, na Hardinge Street ikawa Kimathi Street. Sina kinyongo na hilo, kwani majina ya ukoloni yaliyapisha ya waliopigania uhuru. Kwa hivyo swali langu ni hili: nani anatoka, na nani anaingia? Kule St Andrews ametoka fundi, na yaliyoingia ni mashindano ambayo yeye mwenyewe aliyapa hadhi.

Mwenye duka ana haki ya kubadilisha kibao. Lakini jina lililozoeleka kwa vizazi si mali yake peke yake. Angalau aliache chini ya jipya, na kwenye mifuko na risiti: ‘zamani kwa Tom Morris’. Wino wa maneno hayo haugharimu kitu.

Tena tusiwacheke Waskoti. Katika miji yetu vibao hubadilishwa usiku mmoja, na hakuna anayejali kuandika jina la jana. Kuta zinabaki, rangi mpya inapakwa, wateja wanaingia. Lakini duka lililovuliwa jina la aliyelijenga, kwa Kiswahili, nalo ni gofu.