Tahakiki ya Uundaji na Uthibitishaji wa Hojaji ya GAD-7

Mwaka 2006 Spitzer, Kroenke, Williams na Löwe walichapisha hojaji ya vipengele 7 ya kuchuja tatizo la wasiwasi wa jumla, ambayo mgonjwa huijaza mwenyewe kuhusu wiki 2 zilizopita. Kila kipengele hupewa alama 0 hadi 3, na kizingiti kilichopendekezwa ni alama 10 kati ya 21. Utafiti ulihusisha wagonjwa 2,740 katika kliniki 15 za huduma ya msingi nchini Marekani. 965 kati yao walihojiwa kwa simu na wataalamu wa afya ya akili ambao hawakuyajua majibu ya hojaji. Hapo ndipo ilipo nguvu ya kazi hii. Hojaji nyingi hulinganishwa na hojaji nyingine tu, sawa na kupima kibaba kwa kibaba ambacho hakuna aliyekikagua.

Uteuzi wa vipengele hauridhishi vivyo hivyo. Watunzi walianza na vipengele 13 wakabakiza vilivyowiana zaidi na jumla ya vyote. Mbinu hii huzaa alfa ya Cronbach ya juu, hapa 0.92, lakini alfa ya namna hiyo huweza kutokana na vipengele kurudia jambo moja. Kushindwa kudhibiti wasiwasi na kuwa na wasiwasi uliopita kiasi ni vipengele viwili vinavyofuatana. Msomaji wa Kiswahili, akikuta neno "wasiwasi" katika vyote viwili, ana haki ya kudhani ameulizwa swali lile lile. Papo hapo usingizi, uchovu na kukaza kwa misuli, vilivyomo katika vigezo vya DSM-IV, vimeachwa nje. Kwa mtafiti wa Afrika Mashariki hasara hii si ndogo, kwani wagonjwa wetu si haba hulalamikia moyo kwenda mbio na kukosa usingizi kabla ya kutaja hofu yoyote.

Kwa kizingiti cha 10, usikivu ulikuwa asilimia 89 na umahususi asilimia 82. Takwimu hizi zinapendeza hadi pale zinapogeuzwa kuwa watu. Kati ya wale 965, waliothibitika kuwa na tatizo ni 73. Hojaji ingewanasa takriban 65, pamoja na wengine wapatao 160 wasio nalo. Ni kweli kwamba baadhi ya hao wana aina nyingine za wasiwasi, kama watunzi walivyoonyesha mwaka 2007. Hata hivyo, kufikisha alama 10 si utambuzi wa ugonjwa.

Kwa hiyo tasnifu inayotafsiri hojaji hii, ikaripoti alfa pekee, kisha ikatangaza kiwango cha maradhi kwa kizingiti hicho hicho, imeazima namba ya kliniki za Marekani bila kuazima mahojiano yaliyoizaa. Mtahini adai mahojiano hayo, hata kwa sampuli ndogo, na adai pia vipengele vya mwili vilivyoachwa vijaribiwe upya kwa Kiswahili.