Ngazi Zinazomjali Mfiwa

Bungoma, kuanzia Kimilili hadi Webuye, mtu huzikwa kwao. Kaburi huchimbwa ndani ya boma, kando ya migomba au karibu na mti alioupanda marehemu, na makaburi ya umma mjini huonekana kuwa ya asiye na kwao. Lakini mashamba yanagawanywa kila kizazi. Iko siku wengi wetu tutalazwa pamoja na majirani tusiowachagua, na nikiiwaza siku hiyo nakumbuka Skogskyrkogården, makaburi ya msituni kusini mwa Stockholm, Uswidi.

Wasanifu Gunnar Asplund na Sigurd Lewerentz, wote waliozaliwa mwaka 1885, walishinda shindano la kuyabuni mwaka 1915. Walikabidhiwa machimbo ya zamani ya kokoto yaliyoota misonobari. Hawakuufyeka msitu. Makaburi yaliingizwa katikati ya mashina, mawe yake yakawa mafupi, hivi kwamba jicho hukutana na mti kabla ya jina la mtu. Tajiri na maskini wakawa na kivuli kimoja.

Ustadi wao naustahi zaidi pale unapomgusa anayetembea. Kuna kilima chenye miti juu, mahali pa kutafakari, na ngazi zake hupungua kimo kadiri unavyopanda. Mguu uliochoka na moyo mzito hufika juu bila kuhema. Aliyepima vile alikuwa amefikiria sana mwili wa mfiwa.

Halafu kuna Njia ya Visima Saba, mita 888, iliyonyooka hadi kwenye kanisa dogo la Ufufuo alilolijenga Lewerentz mwaka 1925. Mwanzoni unapita chini ya mibetula inayopitisha mwanga, kisha misonobari, na karibu na kanisa misprusi mizito yenye giza. Msafara haujaambiwa neno, nao umeshanyamaza. Ibada ikiisha, waombolezaji hutokea mlango mwingine, upande wa magharibi, wasigongane na wanaoingia na jeneza lao.

Asplund aliendelea na kazi hiyo hadi 1940. Jengo la kuchomea maiti lilipokamilika, akafa mwaka huohuo, akazikwa papo hapo. UNESCO iliyaorodhesha makaburi hayo kuwa urithi wa dunia mwaka 1994.

Huku kwetu, mji wa Kitale unawajua Waswidi kwa miti. Shirika lao la Vi Agroforestry lilianza kazi Pokot Magharibi mwaka 1983, na kituo chake cha Olof Palme kiko jirani na Makumbusho ya Kitale, ambayo yenyewe yana njia ya kupita msituni. Miche ipo, na wanaoijua miti wapo. Kama tungebuni makaburi yetu wenyewe, njia yake ingeanzia kwenye mti wa lusiola wenye maua ya manjano, ipite murembe unaowaka mwekundu wakati wa kiangazi, iishie penye giza la mipodo.

Ila nakala ya Stockholm haitatutosha. Babukusu wa Bungoma wana kumuse, ambapo baada ya maziko mzee mwenye kipawa huwahutubia watu akitembea huku na huku, akisimulia ukoo na kuwaonya walio hai. Huyo anahitaji uwanja wazi, wenye majani, na umati ukae pembeni kivulini ukimsikia vizuri. Asplund naye aliacha uwanja mpana mbele ya majengo yake kwa ajili ya ibada za nje. Mbunifu wetu na aanze na uwanja huo, apime hatua za mzee, ndipo achore makaburi.