Mkazo na Mipaka ya Virai katika Kiswahili: Uhakiki wa Dhana ya Neno

Sarufi nyingi za Kiswahili Sanifu hueleza kuwa mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho wa neno. Kanuni hiyo hufaa kwa maneno yanayotamkwa moja moja. Udhaifu wake hujitokeza inapopelekwa kwenye sentensi, kwa kuwa haibainishi iwapo neno linalorejelewa ni la kisintaksia au la kifonolojia.

Katika "unataka nini?" mkazo wa kitenzi uko kwenye silabi "ta", katika "unatakani?" umehamia "ka". Kiulizi kimefupishwa, lakini dhima yake ya yambwa haijabadilika. Inaweza kupingwa kuwa "-ni" imekwisha kuwa sehemu ya kitenzi. Pingamizi hilo lina uzito, hivyo ushahidi wa viambatizi peke yake hautoshi.

Ushahidi wa virai una nguvu zaidi. Sentensi "Wamekutana Sinza Makaburini" inaweza kutaja eneo moja linaloitwa Sinza Makaburini. Vilevile, msemaji anaweza kukusudia virai viwili, yaani Sinza, kisha mahali mahususi huko: makaburini. Katika maandishi, herufi kubwa na mkato hutofautisha maana hizo. Katika usemi, kazi hiyo huweza kufanywa na kituo na kiimbo. Mkazo wa kila neno hubaki palepale. Kanuni ya neno, basi, haina la kusema kuhusu tofauti ambayo msikilizaji huihitaji ili aelewe.

Lahaja ya Chimwiini ya Barawa, Somalia, inaonesha kuwa jambo hili si la pembeni. Kisseberth na Abasheikh (1974) walibainisha kuwa urefu wa irabu katika lahaja hiyo hutegemea kundi la maneno, si neno moja. Selkirk (1986) alitumia data hiyo kudai kuwa fonolojia husoma tu ukingo wa kirai, kisha hujenga vipashio vyake yenyewe.

Odden (1987) alifikia hitimisho tofauti kwa kuchunguza Kimatumbi, lugha ya eneo la Kilwa. Irabu ndefu ya "kikoloombe" (gamba) hufupika katika "kikolombe chaangu" (gamba langu), kwa kuwa nomino hufuatwa na kijalizo ndani ya kirai chake. Nomino iliyo kiima haifupiki kwa sababu tu ya kufuatwa na kitenzi. Kwake, kanuni ya sauti hurejelea muundo wa sintaksia moja kwa moja. Hata hivyo, Truckenbrodt (1999) aliichambua upya data hiyohiyo kwa kutumia virai vya kifonolojia. Kwa hiyo, ufupishaji huo haulazimishi msimamo wa Odden.

Mtazamo wa Selkirk unaifaa zaidi data ya Kiswahili, kwa sababu unaruhusu "unataka nini" na "unatakani" kuwa na uhusiano uleule wa kisintaksia na vipashio tofauti vya sauti. Lakini uamuzi huo utabaki wa muda iwapo tafiti za mkazo zitaendelea kuegemea orodha za maneno. Kiswahili Sanifu hakina kanuni ya ufupishaji kama ya Kimatumbi. Mipaka ya virai vyake itafutwe katika kiimbo na kituo, ndani ya sentensi kamili zilizorekodiwa. Bila data hiyo, dhana ya neno itaendelea kubebeshwa mzigo wa kirai.