Reseti Bila Tarehe

Wale mnaandika memwari ku ordi ya okazio yenye Linux ya zamani, hii maandishi iko yenu.

Kuna kitu tunasoma mu Likasi kuliko tunavyosoma silabusi: ile reseti ya mistari mitatu ao mine inayotembea ku WhatsApp, ya kufanya plagini ya navigatere itumike tena ku Ubuntu ya zamani. «Fungua terminali, bandika hii, funga, fungua tena.» Hakuna mtu anayeichambua kama anavyochambua kitabu. Lakini inastahili kuchambuliwa, juu yeye njo inaamua kama mwanafunzi atamaliza kazi na mashini iko nayo, ao familia itauza kitu ili anunue ingine.

Tuanze na mazuri yake. Ni fupi, haikule mega, na mtu mwenye hajasoma informatiki anaweza kuifuata mbele SNEL haijakata umeme. Tena inajibu haja ya kweli. uBlock Origin inazuia matangazo, na matangazo inakula forfe yetu bure. Zotero inakusanya marejeo ya memwari na kuyapanga. Mwanafunzi akiomba ekstansio kama hizi, haombi mchezo.

Sasa mabaya. La kwanza: reseti nyingi zinachanganya vitu viwili. Kuna plagini za zamani, kama Flash na Java, zilizokuwa zinaingia ndani ya navigatere kupitia njia inayoitwa NPAPI. Chrome ya Linux iliifunga mu 2014, Firefox ikaifunga mu Machi 2017 na kubakisha paka Flash. Adobe yenyewe iliacha Flash tarehe 31 Desemba 2020, na toka 12 Januari 2021 ikazuia isicheze tena. Kisha kuna ekstansio, kama uBlock Origin. Hizo haziko maiti, zinaendelea kuishi mu Firefox. Mtu anayekupa dawa moja kwa mgonjwa na kwa maiti, hajaangalia ni nani amelala ku kitanda.

La pili, na kwangu njo kubwa: reseti hazina tarehe. Angalia jambo hili. Firefox inakubali ekstansio yenye saini, na saini inasimama juu ya sertifika, na sertifika iko na siku ya kufa. Tarehe 4 Mei 2019 sertifika moja ya Mozilla iliisha, na ekstansio zikazimika dunia nzima mu siku moja. Tarehe 14 Machi 2025 sertifika ya msingi yenyewe iliisha pia. Firefox zote za chini ya 128 zikaguswa, isipokuwa ile ya muda mrefu, ESR, kuanzia 115.13. Sasa hesabu: Ubuntu 18.04 ilimaliza msaada wake wa kawaida mu 2023, na Firefox 128 ilitoka mu Julai 2024. Kwa hiyo mashini iliyobaki na Firefox ya siku zile haikuwa na bahati hata moja. Mwenye mashini anaona tu: jana ilitumika, leo hapana. Anafikiri ni virusi, ao ordi imechoka. Ni tarehe tu.

Na hapa njo reseti zinakuwa hatari. Ya kwanza inasema: rudisha saa ya kompyuta nyuma. Ukifanya vile, ekstansio inaweza kuamuka, lakini saiti zenye kufuli zinaanza kukukataa, juu nazo zinaangalia saa yako. Ya pili inasema: ingia ku about:config, uzime ulinzi wa saini. Mu Firefox ya kawaida haina maana, inasikilizwa paka mu ESR na mu versio za majaribio. Na pale inasikilizwa, umefungua mulango kwa ekstansio yoyote, hata ile inayosoma neno la siri la imeli yako. Ya tatu inasema: chukua Flash ya zamani, ile isiyo na kizuizi, ku kle ya mwenzako. Kisha nani anajua ile kle ilipita wapi? Hakuna hata moja inayosema namna ya kurudi nyuma mambo ikiharibika.

Mimi nilisoma agronomi, basi niseme kwa luga ya shamba. Udongo wa huku kwetu ku Katanga, mara nyingi iko na asidi. Mkulima anaona majani ya mahindi inakuwa ya zambarau, anaambiwa: weka fosfori. Anaweka. Majani inabaki vile. Kumbe fosfori iko mu udongo, lakini chuma na alumini zinaikamata, mzizi hauipati. Ilifaa chokaa kwanza. Mtu aliyemupa shauri hakudanganya kuhusu fosfori, alisahau tu kuuliza udongo. Reseti zetu ziko vile: zinaona jani, haziulizi udongo.

Reseti yenye kufaa ingeuliza maulizo matatu. Linux yako ni ya mwaka gani? Navigatere yako ni versio gani? Mashini ni ya biti 32 ao 64? Kisha ingesema sababu. Kwa mfano wa 18.04 ya biti 64: kwanza nakili folda ya .mozilla ku kle, hiyo njo njia ya kurudi. Pili, chukua Firefox ESR ku saiti ya Mozilla yenyewe, kifurushi kiko chini ya mega 100. Tatu, ifungue mu folda yako na uianzishe kutoka pale, bila kugusa sistemu. Ekstansio zinaweza kuamuka, saa inabaki ya leo, saini zinabaki. Kulinganisha, Ubuntu mpya nzima inaomba zaidi ya giga 5, na mashini ya RAM kidogo haitaifurahia. Na kwa maiti, yaani Flash, kuna Ruffle: programu huria inayocheza faili nyingi za zamani bila plagini ya Adobe.

Lakini tusitupe lawama yote kwa mwenye kuandika reseti. Chrome iliacha Linux ya biti 32 mu 2016. Firefox ilifika 144 na kuiacha mu 2025, wakaachiwa paka ESR 140, na ahadi yake ni mpaka Septemba 2026 hivi. Wanaotengeneza wako na sababu zao: kulinda versio za zamani ni kazi, na njia ya NPAPI ilikuwa kweli tundu la wezi. Naikubali. Lakini gharama inahesabiwa kule, inalipwa huku. Inchi yetu njo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, na sehemu yake inaingia mu betri za laptopu. Sisi tunaishi karibu na Shituru, kisha tunaambiwa mashini yetu imezeeka juu tarehe fulani imepita ndani ya faili fulani. Mashini haijazeeka. Kibodi inaandika, diski inazunguka.

Ndiyo maana naona mwandishi wa reseti iko na kazi kubwa kuliko anavyofikiri. Yeye njo anasimama kati ya mashini nzima na jalala. Akiandika tarehe, versio, sababu na njia ya kurudi, mistari mitatu inakuwa kumi, basi. Mwenye kuisoma hatakuwa tena mtu wa kubandika, atajua kwa nini, na siku sertifika ingine itaisha hatangoja WhatsApp.

Kwa hiyo mbele ya kupartaje ile uko nayo ku telefone, ongeza tu mustari mmoja juu: imeandikwa lini, kwa versio gani. Kama haujui, usiitume.