Riposti ni neno la vita

Wandugu, leo nataka tulisome neno moja tu: riposti. Hapa Mabanga tumelizoea kabisa. "Jipu ya riposti imepita." "Fulani amepata kazi ku riposti." Lakini kwa Kifaransa riposti ni pigo la kujibu: umepigwa, nawe unarudisha. Ndivyo wakubwa walivyoita kazi ya kuzima Ebola iliyotangazwa Mangina tarehe 1 Agosti 2018, na kazi yenyewe ikafuata jina.

Tukumbuke ilikuwa wapi. Beni watu wanachinjwa tangu Oktoba 2014. Usiku wanaita msaada, jeshi linachelewa au halifiki. Halafu bibi anakufa kwa homa, na asubuhi tu munganga yuko mlangoni, polisi na askari nyuma yake, wanataka maiti. Wewe ungefikiri nini?

Kisha ikaja tarehe 26 Desemba 2018. CENI ikaahirisha uchaguzi wa Beni na Butembo hadi Machi, juu ya Ebola na usalama. Nchi ikapiga kura tarehe 30, rais akaapishwa Januari bila kura zao. Soko wazi, kanisa wazi. Kura peke yake ndiyo ilikuwa na virusi! Watu wa Beni walijipangia kura yao ya mfano siku hiyohiyo ya tarehe 30, wakinawa mikono kabla ya kupiga.

Najua mtaniambia: bila bunduki waganga wangekwisha. Ni kweli Dokta Richard Mouzoko aliuawa Butembo tarehe 19 Aprili 2019, na kifo kile siwezi kukipita juu juu. Mlinzi kwenye mlango wa hospitali namkubali. Askari kwenye matanga, hapana.

Ugonjwa ulitangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, watu 2,287 wakiwa wamekufa.

Kwetu Goma mgonjwa wa kwanza alijulikana tarehe 14 Julai 2019, na njiani alikuwa amepita barieri tatu za afya. Wagonjwa wa mji hawakuzidi wanne. Mimi barieri haikunibadilisha. Ni mama muuza makala wa kartie yetu, aliyeweka ndoo ya klorini mbele ya meza yake. Siku nilipotaka kupita bila kunawa alinigombeza mbele ya watu: "Wewe mwenye diplomu, unashindwa na maji?" Nilinawa, nikanunua makala yangu.